King'ora hujitambulisha kinapozimwa

Mtu akikurushia WhatsApp sekunde kumi za king'ora na kukuuliza ni cha aina gani, mwombe akutafutie zile sekunde ambazo wengi huzikata: pale umeme unapozimwa na mlio kuanza kushuka. Sauti ya katikati, ile kubwa inayojaza mji, ndiyo inayowapoteza watu. Kila anayeanza kurekodi huniuliza kwanza, "Hiki kinalia hezi ngapi?" Swali hilo la mitetemo mingapi kwa sekunde lina nafasi yake, lakini ukilitanguliza utaita mashine kwa jina la mashine nyingine, na utaitetea kwa uhakika kabisa.

Duniani wapo watu wanaofuatilia ving'ora vya onyo kama vijana wetu wanavyofuatilia mabasi ya mikoani. Wanarekodi mlio, wanatafuta ni mashine ya kiwanda gani, ya enzi gani, yenye mota ya namna gani, na wanatunza rekodi hiyo kabla mashine haijang'olewa juu ya nguzo. Ng'ambo kazi yao ina ratiba. Ufaransa na Ucheki ving'ora hujaribiwa saa sita mchana, Jumatano ya kwanza ya mwezi. Austria ni kila Jumamosi saa sita mchana. Chicago ni Jumanne ya kwanza ya mwezi, saa nne asubuhi. Unatega kinasa sauti mapema na kungoja.

Huku Nyanda za Juu Kusini hatuna Jumatano ya namna hiyo. Tulivyo navyo ni vya kazini: king'ora cha zamu kiwandani, cha kabla ya kulipua baruti machimboni, gari la Zimamoto, gari la wagonjwa, na honi ya treni ya TAZARA ikikaribia kivuko. Mwenye hamu hujifunzia hivyo, halafu anavilinganisha na rekodi za Ulaya na Marekani anazozipata mtandaoni. Hapo kwenye kulinganisha ndipo penye mtego.

Kwa fundi mmoja wa mota, mtaa wa Mwanjelwa hapa Mbeya, niliwahi kukuta king'ora cha zamu kimefunguliwa mezani. Koili zilikuwa zimeungua, kimeletwa kusukwa upya. Kikiwa wazi hakina siri. Katikati kuna kikombe cha aluminiamu, ndani yake mapanga, na ukingoni kimetobolewa madirisha ya pembe nne. Kikombe hicho kinakaa moja kwa moja kwenye shafti ya mota. Kimezungukwa na ganda lisilozunguka, lenye madirisha yanayolingana na ya kikombe. Nafasi kati ya kikombe na ganda ni nyembamba mno. Fundi alikuwa akipitisha wembe kuzunguka ukingo wote kuhakikisha hakuna panapogusa.

"Shikamoo fundi. Naweza kuyahesabu madirisha?"

"Marahaba. Hesabu, mwanangu, ila vidole visipite ukingoni, panakata."

Safu ya juu kumi na mbili, safu ya chini kumi. Namba hizo mbili ndizo nilizozitaka, maana zinaeleza karibu kila kitu kuhusu sauti ya mashine ile.

Mota ikizungusha kikombe, mapanga yanavuta hewa katikati na kuisukuma nje. Madirisha ya kikombe yakikutana na ya ganda, hewa inatoka, yakipishana, inazibwa. Kila kukutana ni msukumo mmoja wa hewa. Misukumo 480 kwa sekunde ni sauti ya hezi 480. Hakuna spika wala ngozi iliyowambwa, kuna hewa inayokatwa vipandevipande tu. Ukitaka kujua kinalia wapi, unazidisha idadi ya madirisha kwa mizunguko ya shafti kwa sekunde.

Wanasayansi walikitumia kifaa hiki kwa kupima kabla hakijawa cha kuonya. Mwaka 1819 Mfaransa Charles Cagniard de la Tour alitengeneza kisahani chenye matundu kilichozungushwa na hewa, chenye vihesabio vya mizunguko, akapata njia ya kujua sauti fulani ina mitetemo mingapi kwa sekunde. Miaka kadhaa nyuma yake Mskoti John Robison alikuwa ameshaikata hewa kwa namna inayofanana na hiyo. Wao walijua idadi ya matundu, wakatafuta mitetemo. Sisi tunaorekodi tunapita njia ileile kwa kurudi nyuma: tunasikia mitetemo, tunatafuta matundu.

Na hewa baridi ya kwetu haiingilii hesabu hiyo. Filimbi au tarumbeta hushuka kidogo asubuhi ya baridi, kwa sababu sauti yake hutegemea kasi ya mawimbi ndani ya bomba. King'ora cha mota hupiga idadi ya misukumo ambayo shafti imeamua, iwe kwenye baridi ya Uyole mwezi wa saba au kwenye joto la Kyela mwezi wa kumi na moja. Hewa inabadilisha sauti hiyo itafika wapi, jambo nitakalolirudia.

Sasa mtego wenyewe. Mota nyingi za ving'ora zina poli mbili, yaani jozi moja ya ncha za sumaku. Kwa umeme wetu wa hezi 50, usumaku ndani ya mota kama hiyo huzunguka mara 3,000 kwa dakika, na shafti hufuata nyuma kidogo. Tuseme 2,880 ikiwa na mzigo. Hiyo ni mizunguko 48 kwa sekunde. Kwa hiyo madirisha 10 yanatoa hezi 480, na madirisha 12 yanatoa 576. Marekani umeme ni wa hezi 60. Mota ya namna ileile huko hukimbia kama mara 3,450 kwa dakika, yaani 57.5 kwa sekunde. Madirisha 12 yanatoa 690, na madirisha 10 yanatoa 575.

Angalia 576 na 575. Safu ya madirisha 12 hapa Mbeya na safu ya madirisha 10 Chicago zinalia mahali pamoja. Hakuna sikio litakalozitenganisha, na hata programu ya kupima sauti itakupa namba ambazo utasema ni kitu kimoja. Mtu akichukua kipimo hicho, akaenda kutafuta mtandaoni king'ora cha hezi 575, atarudi na jina la mashine ya Kimarekani ambayo haijawahi kuvuka bahari.

Umeme wenyewe pia hautulii. Volti ikishuka jioni, shafti inabaki nyuma zaidi na mlio unashuka nayo. Mota ya namna niliyoieleza huyumba kidogo tu, lakini vile ving'ora vidogo vyenye mota ya brashi huyumba sana, na kimoja kinaweza kukupa namba mbili tofauti kwa siku moja.

Kisichoyumba ni uwiano. Kwenye ile mashine ya mezani, 10 kwa 12 ni 5 kwa 6. Umeme uwe wa hezi 50 au 60, volti iwe nzima au imechoka, sauti mbili zinazotoka zitakuwa 5 kwa 6, kwa kuwa safu zote mbili ziko kwenye shafti moja. Uwiano huo umetobolewa kwenye chuma.

Kwa watu wa huku hili lina urahisi wake. Kuanzia Wamoraviani wa Rungwe hadi Walutheri wa Iringa, mikoa hii imejaa kwaya, na mwanakwaya aliyefundishwa kwa do-re-mi tayari ana kipimo kichwani. Uwiano wa 5 kwa 6 ni mi na so zikiimbwa pamoja. Wa 3 kwa 4 ni do na fa ya juu yake. Wa 2 kwa 3 ni do na so. Ukisikia king'ora kinaimba do na so, waza madirisha 8 na 12. Do na fa, waza 9 na 12. Mi na so, 10 na 12. Hivyo vya mi na so ndivyo vilivyokuwa ving'ora vya Uingereza vya Vita Kuu ya Pili, na ule mlio wa majonzi ambao wengi wanaujua kwa filamu za vita umetokana na uwiano huo. Wajerumani walishika njia nyingine. King'ora chao maarufu, E57, kina sauti moja tu: madirisha 9, mizunguko 2,800 kwa dakika, hezi 420. Hapo hakuna uwiano wa kusikiliza, na unalazimika kutazama alama nyingine.

Ndiyo maana naomba sekunde za mwisho. Umeme ukikatwa, kikombe hakisimami palepale. Kina uzito, kinaendelea kuzunguka kikipungua. Sauti ya juu ikishuka kutoka 576 hadi 288, ya chini imeshuka kutoka 480 hadi 240. Mi na so zinateremka pamoja hadi zinapotelea kwenye mvumo. Mashine moja yenye safu mbili haiwezi kufanya vinginevyo. Ving'ora viwili tofauti vilivyowekwa jirani, kila kimoja na mota yake, vinaweza kukudanganya vikiwa kwenye kasi kamili, lakini vikizimwa kila kimoja kinashuka kwa mwendo wake na zile sauti zinaachana.

Kwenye kompyuta unaweza kuliona hili kwa macho. Fungua rekodi kwenye programu yenye spektrogramu, kama Audacity: muda unakwenda kulia, sauti inapanda juu, na kila mlio ni mstari wa rangi. Utaona mistari miwili mikuu, na juu yake mingine hafifu inayoirudia kwa mara mbili, mara tatu. Ukichagua kipimo cha logi, ambacho umbali sawa ni uwiano sawa, mistari miwili ya mashine moja inashuka sambamba hadi mwisho. Ukiacha kipimo cha kawaida itaonekana inakaribiana, na watu wengi hudhani uwiano umebadilika. Pima namba zenyewe: gawanya ya juu kwa ya chini katika sehemu tatu za mteremko. Ukipata 1.2 mara zote tatu, umeshika 10 kwa 12.

Mteremko huo unasema na mengine. Ukiwa mrefu, kikombe ni kizito na beringi ni nzima. Ukikatika ghafla, kuna breki, au kuna kitu kinagusa. Na kama mlio umeanza papo hapo kwenye sauti kamili na kuzima papo hapo, huenda hukurekodi mashine inayozunguka hata kidogo, bali spika. Ving'ora vya kielektroniki huweza kuiga kupanda na kushuka, ila mpandio wao umepangwa na programu: kila mara urefu uleule, mkunjo uleule, bila ule uvivu wa mwanzo wa mota inayonyanyua uzito. Magari ya Zimamoto na ya wagonjwa mengi yako kundi hili, ndiyo maana dereva anabadilisha mlio kwa kubonyeza tu.

Gari na treni vina tatizo lao la ziada, mwendo. Treni ikija kwa kilomita 60 kwa saa, honi yake inapanda kama asilimia tano. Ikishakupita inashuka kama asilimia tano. Tofauti ya kabla na baada inakaribia tone nzima, sawa na kutoka do hadi re. Ukitaka namba ya kweli, pima treni ikiwa imesimama. Uwiano kati ya sauti za honi yenyewe haubadiliki hata ikiwa mwendoni.

Sasa nije kwenye jambo ambalo rekodi za nchi tambarare hazikufundishi, na ambalo sisi wa milimani hatuwezi kulikwepa: mwangwi.

Mji wa Mbeya umekaa bondeni, Loleza na safu yake upande mmoja, Uporoto upande mwingine. King'ora kikilia katikati ya mji, unasikia mlio wa moja kwa moja, kisha unasikia uleule umerudi kutoka mlimani. Ukuta wa mlima ukiwa kilomita moja nyuma yako, sauti inakwenda na kurudi kilomita mbili, na kwa kasi ya mita 340 hivi kwa sekunde hiyo ni karibu sekunde sita. Kwenye mlio ulionyooka hutagundua, kwa kuwa mwangwi una sauti ileile. Lakini king'ora kikiwa kinapanda, mwangwi unakuletea sauti ya sekunde sita zilizopita, ambayo ilikuwa chini zaidi. Kwa muda huo unasikia sauti mbili kwa pamoja, na king'ora cha sauti moja kinageuka masikioni mwako kuwa cha sauti mbili. Kikizimwa mambo yanageuka: sasa mwangwi ndio ulio juu.

Namna ya kujitoa hapo ni ileile ya kutazama mteremko. Sauti mbili za mashine moja huanza kushuka sekunde moja, na uwiano wake unabaki. Mwangwi huanza kushuka kwa kuchelewa, ukiwa na umbo lilelile lililosogezwa kulia kwenye spektrogramu, na uwiano wake na sauti ya kwanza hubadilika kila sekunde. Ukiusogeza mstari mmoja juu ya mwingine, inalaliana.

Hewa nayo hupindisha njia ya sauti. Asubuhi za kipupwe, Juni na Julai, hewa baridi hutuama bondeni na yenye joto zaidi hukaa juu yake. Sauti inayopanda hupinda kurudi chini, na king'ora cha mbali kinasikika kana kwamba kimesogezwa jirani. Mchana, ardhi ikishapata moto, sauti hupinda kwenda juu, na mtu aliye kilomita mbili tu anaweza asisikie kitu. Upepo unafanya vivyo hivyo: ukiwa unakoelekea upepo unasikia vizuri, ukiwa unakotoka upepo sauti inakupita juu ya kichwa. Na ukungu wa Mufindi haunyonyi sauti kama wengi wanavyoamini. Mara nyingi huja na hewa iliyotulia, na hewa iliyotulia husafirisha sauti vizuri. Kwa Iringa, nampenda mtu anayepanda jiwe la Gangilonga mapema, kabla upepo haujaamka, maana mji wote uko chini yake na hakuna ukuta wa kumrudishia mlio karibu.

Wanaopanga ving'ora Marekani hukadiria kwamba kila umbali ukizidi mara mbili, sauti hupungua desibeli 10. Kwa hesabu hiyo, kinachopiga desibeli 120 ukiwa mita 30 kinabaki 110 kwenye mita 60, 100 kwenye mita 120, na kinapofika karibu kilomita moja kimeshuka hadi 70. Ndani ya nyumba yenye bati linalopigwa na mvua ya Tukuyu, 70 ni kama hakuna.

Kuhusu kurekodi kwenyewe, adui mkubwa ni simu yako. Programu ya kawaida ya sauti imetengenezwa kwa maongezi, na ndani yake kuna kichujio kinachofuta makelele. Kinatambuaje makelele? Kwa kutafuta sauti isiyobadilika. King'ora kilichonyooka ni sauti isiyobadilika, kwa hiyo simu inakifuta taratibu huku wewe umeishika juu ukidhani inanasa. Tafuta programu inayorekodi WAV, yaani faili la sauti lisilobanwa, na kukuruhusu kuzima kichujio na ule ukuzaji sauti wa kujiendesha, ambao nao hukunja mteremko wote wa mwisho uonekane wa nguvu sawa. Funika maiki kwa kipande cha sponji dhidi ya upepo. Weka simu juu ya kitu, usiishike. Tuma faili kama dokumenti, si kama ujumbe wa sauti, kwani ujumbe wa sauti hubanwa na ile mistari hafifu ya juu ndiyo inayokatwa kwanza. Na usikisogelee king'ora kinapolia: karibu na king'ora kikubwa sauti inaumiza masikio kweli, na hakuna rekodi iliyo bora kuliko masikio yako.

Kutambua mashine si sawa na kujua inasema nini. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, lakini jambo gani? Ujerumani, mlio unaopanda na kushuka kwa dakika moja ni hatari, ulionyooka dakika moja ni salama. Machimboni kila mgodi una utaratibu wake, na kwa kawaida umeandikwa kwenye ubao getini. Tarehe 8 Agosti 2023 moto ulipoteketeza Lahaina, kisiwani Maui, ving'ora vya Hawaii havikupigwa. Mkuu wa dharura wa kisiwa alieleza baadaye kwamba watu wamezoea mlio ule kuwa ni wa tsunami, wangekimbilia mlimani, ambako ndiko moto ulikokuwa. Takriban watu 100 walikufa. Lawama za uamuzi ule zimebishaniwa sana. Mimi ninachoona ni kwamba mashine inayosikika kilomita nyingi haina neno hata moja isipokuwa lile ambalo watu wamefundishwa mapema. Ndiyo maana kwenye kila rekodi naona ni lazima kuandika kwamba mlio ule ulimaanisha nini kwa waliokuwa pale, si jina la mashine pekee.

Kuna vitu pia visivyofaa kusambazwa. Usiku wa tarehe 7 Aprili 2017 ving'ora 156 vya jiji la Dallas vililia bila sababu, vimewashwa na mtu kwa ishara ya redio. Kwa hiyo mtu makini wa burudani hii haweki hadharani milio ya redio inayowasha ving'ora, hata akiinasa kwa bahati. Kwetu ningeongeza haya: omba ruhusa kwa mlinzi kabla hujasimama karibu na uzio wa kiwanda, mgodi au reli, kwenye faili la mgodi andika wilaya tu, usitaje geti lenyewe, na rekodi usiipige kwa spika kubwa sokoni au stendi, watu wataumizana wakikimbia.

Ving'ora vya mota vinaondoka. Koili ikiungua mara ya pili, viwanda vingi huona nafuu kununua cha spika. Kwa hiyo kama kuna kimoja karibu nawe, rekodi tangu kabla hakijawashwa hadi kikombe kimesimama kabisa, hata kama sekunde za mwisho unasikia mvumo tu. Andika tarehe, saa, hali ya hewa, umbali, na mlima uko upande gani. Ukiruhusiwa kukisogelea kikiwa kimezimwa, piga picha kibao cha mota, chenye volti, hezi na mizunguko kwa dakika, kisha hesabu madirisha, safu moja baada ya nyingine.